Seva ya uchapishaji kwa ofisi ya kompyuta 64 na printa 11: tununue ya ukubwa gani?

Afisa_wa_Bara aliuliza:

Habari zenu, wakuu. Mimi ni Afisa TEHAMA katika halmashauri moja ya wilaya huku bara, na naomba ushauri wenu kabla sijawasilisha maombi yangu ya bajeti, kwa sababu nikikosea sasa nitasubiri hadi Julai ya mwaka mwingine.

Tuna kompyuta 64 katika majengo mawili, na printa 11. Saba kati ya hizo ni za leza nyeusi zenye kadi ya mtandao, mbili ni mashine kubwa za A3 zinazodurufu, kuskani na kuchapisha, na mbili zilizobaki zimechomekwa kwa waya wa USB, moja masijala na nyingine kwa katibu muhtasi wa Mkurugenzi. Seva ya uchapishaji, yaani kompyuta moja ya kupokea kazi za watu wote na kuzipanga kwa zamu kwenda kwenye printa, hatuna. Kilichopo ni kompyuta ya mhasibu mmoja, yenye Windows 10, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500, ambayo mtangulizi wangu aliifanya iwe mlango wa printa zote za mtandao. Tangu hapo, yule mhasibu akienda likizo na kuzima kompyuta yake, majengo yote mawili hayachapishi hata barua.

Siku za kawaida mambo huenda. Shida huja kila robo mwaka, Baraza la Madiwani linapokaribia. Kabrasha la kikao kilichopita lilikuwa na kurasa 180, sehemu kubwa ikiwa ni nyaraka zilizoskaniwa pamoja na mihuri na saini zake, na zilihitajika nakala 45. Katibu wa vikao alipoamuru lichapishwe, taa ya diski kwenye kompyuta ya mhasibu iliwaka bila kuzima, foleni ikaonyesha waraka mmoja tu ukiandaliwa kwa zaidi ya dakika ishirini, na wakati huohuo watumishi wa idara nyingine wakawa wanapata ujumbe kwamba kompyuta ile haiwezi kupokea muunganisho zaidi. Kazi tuliimaliza saa 5 usiku, kwa flashi, tukihama kutoka mashine moja hadi nyingine.

Sasa mzabuni mmoja ametuletea ankara kifani ya seva yenye prosesa mbili, RAM ya GB 64 na diski nne, kwa bei inayotosha kununua pikipiki sita au saba mpya, na amesisitiza kwamba seva hiyo hiyo itasimamia pia majina ya watumiaji na nywila zao kwa ofisi nzima. Mwenzangu wa kitengo anasema huo ni ubadhirifu, kwamba stoo tuna kompyuta ya Core i5 ya kizazi cha nne isiyo na kazi, na hiyo inatosha kabisa. Nimetafuta kanuni inayosema printa kadhaa zinahitaji RAM kadhaa, sikuipata. Naomba mwenye uzoefu aniambie: prosesa ya viini vingapi, RAM kiasi gani na diski ya aina gani? Na je, kompyuta ya stoo ifufuliwe au iachwe ilipo?

Mama_Foleni alijibu:

Ndugu Afisa, kanuni hiyo hukuipata kwa sababu idadi ya printa si kipimo. Nimesimamia uchapishaji wa chuo kimoja kwa zaidi ya miaka kumi, na nimeona seva ndogo ikihudumia printa 30 bila kutoka jasho, na nyingine kubwa ikipigishwa magoti na printa mbili. Kinachotofautisha ni mahali ambapo ukurasa unageuzwa kuwa picha, ukubwa wa kazi moja iliyo kubwa kuliko zote, na muda ambao faili hukaa kwenye diski. Gigabaiti zinafuata baadaye.

Anza na ukurasa wenyewe. Karatasi ya A4 ikichapishwa kwa nukta 600 kwa inchi ina pikseli 4,960 kwa upana na 7,016 kwa urefu, yaani karibu milioni 35. Kwa nyeusi tupu, ambapo kila pikseli ni biti moja, ukurasa huo ni takriban MB 4.35 kabla haujabanwa. Kwa rangi za biti 24, ukurasa uleule unafika MB 104. Kabrasha lako la kurasa 180, likigeuzwa lote kuwa picha nyeusi, ni kama MB 780. Mtu akilichapisha kwa rangi, labda kwa ajili ya muhuri mmoja wa bluu, linakaribia GB 19. Draiva nyingi, yaani zile programu zinazoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa, hubana data hiyo na faili huwa dogo zaidi, lakini nyaraka zilizoskaniwa hazibaniki kama maandishi, maana vumbi lote la kioo cha skana na kivuli cha ukingo wa karatasi navyo vinahesabika kuwa picha. Ndiyo maana PDF ya MB 6 inaingia kwenye foleni na kutoka ikiwa imevimba mara mia.

Halafu kuna suala la nakala, na hapa ndipo ninapopashuku zaidi. Katibu akiomba nakala 45, mambo mawili yanaweza kutokea. Programu inaweza kutuma kurasa 180 mara moja pamoja na agizo la kuzirudia mara 45, na mashine yenye kumbukumbu ya kutosha ikazirudia yenyewe. Au programu inaweza kuamua kupanga nakala yenyewe, ikatuma kurasa 180, kisha zile zile tena, hadi mara 45. Katika hali hii ya pili, zile MB 780 zinakuwa GB 35 kwenye diski ya mhasibu wa watu, na diski hiyo inazunguka, ikiandika faili linaloingia na kulisoma linalotoka kwa wakati mmoja, kichwa chake kikirukaruka kati ya pande mbili. Taa haiwezi kuzima hapo.

Kuhusu ule ujumbe wa kukataa muunganisho: hilo si suala la nguvu za kompyuta, ni leseni. Windows ya kawaida, iwe 10 au 11, inaruhusu miunganisho 20 tu ya kugawana kwa wakati mmoja, na wa 21 anafungiwa mlango hata kama ungeweka RAM ya GB 128. Na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta ile haifai kuwa mlango wa ofisi nzima kwa sababu hiyo pia.

Mahali pa kugeuzia ukurasa ndipo panapoamua prosesa na RAM. Tangu Windows Vista na Server 2008, kompyuta ya mtumiaji inaweza kufanya kazi hiyo yenyewe kabla ya kuituma, na seva ikabaki kuwa mpokeaji, mpangaji wa zamu na mtumaji. Kwenye sifa za kila printa, sehemu ya kugawana, kuna kisanduku cha kuwasha jambo hilo. Kikiwa kimewashwa, kazi ya kupika, yaani kugeuza ukurasa kuwa picha, inagawanywa kwa kompyuta zako 64, na seva ya viini vinne yenye RAM ya GB 8 inabaki na nafasi ya kupumua. Kikizimwa, seva inapika kila ukurasa wa kila mtu, na hapo ningetaka GB 16. Kabla ya kuamua, angalia kompyuta zako zikoje: kama nusu yake ni za GB 2 zinazofungua barua kwa dakika tatu, kuzibebesha kazi hiyo ni kuhamisha malalamiko kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Kwenye diski usibanebane pesa. Windows huweka kila kazi inayosubiri kwenye folda iitwayo PRINTERS, ndani ya spool, ndani ya System32, yaani kwenye diski ileile ya mfumo. Ikijaa, mfumo mzima unayumba. Nunua SSD, yaani diski zisizozunguka, mbili zinazoakisiana ili kila moja iwe nakala ya mwenzake, tenga sehemu ya foleni peke yake, kisha hamisha folda hiyo kupitia sifa za seva ya uchapishaji. Mimi hutenga nafasi mara kumi ya kazi kubwa kuliko zote niliyowahi kuipima. Uhamishe jioni watu wakiwa wameondoka, kwa sababu kazi zinazosubiri wakati huo hazitachapishwa, na uhakikishe watumiaji wana ruhusa ya kuandika kwenye folda mpya, la sivyo asubuhi utapokelewa mlangoni.

Lakini usiamini makadirio yangu. Kwenye kumbukumbu za matukio za Windows kuna tawi la PrintService lenye kumbukumbu ya uendeshaji, ambayo kwa kawaida huwa imezimwa. Iwashe leo kwenye kompyuta ya mhasibu. Kila waraka utakaochapishwa utaacha tukio namba 307, lenye jina la mtumiaji, printa, ukubwa kwa baiti na idadi ya kurasa, na idadi ya nakala utaikuta kwenye tukio namba 805. Kusanya kwa wiki mbili au tatu, ukihakikisha kuna kikao ndani yake, ndipo uandike maombi yako.

Fundi_Roli alijibu:

Kijana wangu, dada hapo juu ameeleza vizuri, nami naongeza yale ninayoyaona nikiwa nimepiga magoti mbele ya mashine na bisibisi mkononi. Kurasa 180 kwa nakala 45 ni kurasa 8,100. Mashine ya kurasa 30 kwa dakika itazimaliza kwa dakika 270, yaani saa nne na nusu, pasipo karatasi kukwama hata mara moja, na hiyo sijawahi kuiona. Hakuna seva duniani itakayoifanya roli izunguke haraka zaidi. Ukichapisha pande mbili, ni karatasi 4,050, rimu nane na ushei, na bado mtu lazima asimame pale kujaza trei. Kwa hiyo kabla hujalaumu kompyuta ya mhasibu kwa yote, piga hesabu ya mashine zenyewe, kisha ugawe kabrasha katika mashine zako mbili za A3.

Kuhusu mitihani ya utamilifu ambayo najua halmashauri huiandaa, msithubutu kuipitisha kwenye seva hiyo. Nakala elfu kadhaa za ukurasa uleule ni kazi ya risografu, ambayo hutengeneza stensili moja kwa kila ukurasa na kumwaga zaidi ya kurasa 100 kwa dakika. Kwa nakala 45 haina faida, maana stensili nazo ni pesa.

Jambo la umeme. Seva, swichi na ruta viwe kwenye UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika. Printa ya leza isiwe kwenye UPS hiyo, kamwe. Ile sehemu inayoyeyusha tona hupashwa moto kwa mikupuo, na kila mkupuo huvuta umeme mwingi ghafla. Nimeitwa kwenye ofisi moja ambako kila mtu akichapisha, UPS inapiga kelele na seva inazimika. Walikuwa wamekwisha kubadilisha seva mara moja, wakidhani ni mbovu. Nilifuata waya wa printa kwa mkono chini ya meza, nikaukuta umechomekwa nyuma ya UPS, pembeni ya waya wa seva. Nikauchomoa, nikanywa chai yao, nikaondoka.

Mwisho, angalia kadi za mtandao za hizo printa saba. Nyingi za umri huo ni za megabiti 100 kwa sekunde, ambazo kwa vitendo hupitisha kama MB 11 kwa sekunde. Kwa barua hutaona tofauti. Kwa faili la GB 35, hiyo ni karibu saa nzima kwenye waya peke yake.

Bandari_Kuu alijibu:

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mtunza mitambo katika kampuni ya uwakala wa forodha, na naomba nimtetee yule mwenzako wa kompyuta ya stoo, ingawa si kwa moyo wote.

Sisi hatutumii Windows kwenye seva. Tunatumia Linux na CUPS, mfumo wa uchapishaji ulioandikwa na Michael Sweet na kutolewa mwaka 1999, ukanunuliwa na Apple mwaka 2007, na ambao leo unaendelezwa zaidi na jamii ya OpenPrinting. Kompyuta yetu ni ya Core i5 ya zamani kama hiyo yenu, yenye RAM ya GB 8 na SSD, inahudumia watu wapatao 40, na haina kikomo cha miunganisho 20 wala leseni ya kulipia kila mtumiaji. Printa zinazoelewa IPP ya kisasa, lugha ya kuchapisha kupitia mtandao ambayo hata simu huitumia, hazihitaji hata draiva.

Sasa niseme na upande wa pili. Kwenye CUPS, kazi ambayo printa haielewi hupitishwa kwenye mnyororo wa vichujio, yaani programu ndogo zinazoigeuza hatua kwa hatua, na kila kazi inayopikwa ni michakato yake yenyewe inayokula prosesa na RAM yake. Watu kumi wakituma nyaraka zilizoskaniwa kwa pamoja, minyororo kumi inaamka. Mwanzoni tulikuwa na GB 2, na kila saa 10 alasiri, hati za mizigo zinapotoka, mashine ilianza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski na kila kitu kikawa kama kinatembea matopeni. Kuna agizo la FilterLimit linaloweza kupunguza minyororo inayoendeshwa kwa wakati mmoja. Kwetu lilisaidia, lakini kuongeza RAM kulisaidia zaidi.

Kosa langu kubwa lilikuwa la diski. Kwa kawaida CUPS hutunza faili la kila kazi iliyokwisha kuchapishwa kwa sekunde 86,400, yaani siku moja, ili uweze kuirudia, na hukumbuka kazi 500. Bosi wangu alitaka hati ziweze kurudiwa hata baada ya mwezi, nami nikabadilisha agizo hilo bila kufikiria kwamba folda ya foleni ilikuwa kwenye sehemu moja ya diski na mfumo wote. Ijumaa moja adhuhuri, meli ikiwa imekwisha kufunga gati, diski ilijaa hadi baiti ya mwisho. Hakikuchapishwa kitu, na hata kumbukumbu za makosa hazikuandikwa, kwa sababu hazikuwa na pa kuandikwa, kwa hiyo nilikuwa natafuta sababu gizani. Nilifuta faili za wiki tatu kwa mkono, mawakala wakiwa wamesimama nyuma ya kiti changu. Tangu siku ile sehemu ya foleni iko peke yake, na anayetaka hati ya zamani anaitafuta kwenye kabati la mafaili.

Kama mtu atakushauri kompyuta ndogo za bodi moja kama Raspberry Pi, kwa printa mbili tatu za ofisi ndogo sina ugomvi. Kwenu hapana. Kadi ya kumbukumbu inayotumika kama diski haikuumbwa kuandikwa na kufutwa mchana kutwa, na draiva za mashine kubwa za A3 mara nyingi hutolewa kwa ajili ya prosesa za kompyuta za kawaida tu.

Mama_Foleni alijibu:

Kaka wa Mombasa, hilo la sehemu ya diski peke yake tunakubaliana. La kompyuta ya stoo, mimi nasita, na si kwa sababu ya prosesa. Core i5 ya kizazi cha nne ina nguvu ya kutosha. Kinachonitisha ni diski yake na kisanduku chake cha umeme, ambavyo vimekaa miaka kwenye vumbi la stoo, na feni ambayo hakuna anayejua iko katika hali gani. Ndugu Afisa akiifufua, aweke SSD mpya, aipulize, aijaribu mwezi mzima, na aitumie kama akiba ya kuwashwa siku seva halisi inapougua. Hiyo ni kazi ya heshima kwa kompyuta ya umri huo. Na kuhusu CUPS, ni mfumo mzuri, ila ajiulize nani ataishika yeye akihamishwa kituo. Mtangulizi wake alimwachia fumbo moja, asimwachie ajaye lingine.

Jambo nililolipita kwenye jibu langu la kwanza, na ambalo nalihesabu kuwa zito kuliko RAM yote tuliyoizungumza, ni lile la mzabuni kutaka seva moja ishike uchapishaji pamoja na majina na nywila za ofisi nzima. Kataa. Julai 2021 Microsoft ililazimika kutoa sasisho la dharura kwa udhaifu ulioitwa PrintNightmare, uliomwezesha mtu aliyeingia kwenye mtandao kuitumia huduma ya foleni, ile spula, kuendesha programu yake kwa mamlaka ya juu kabisa ya mashine. Kwa mashine iliyoshika nywila za watumishi wote, hiyo maana yake ni kukabidhi funguo za jengo. Ushauri wa Microsoft ni kuizima spula kwenye mashine za aina hiyo. Agosti mwaka huohuo wakabadilisha pia utaratibu, ikawa mtumiaji wa kawaida hawezi kusakinisha draiva ya printa bila ruhusa ya msimamizi, kwa hiyo panga siku ya kupita kompyuta zote 64, au uwe na njia ya kuzisambazia draiva kutoka sehemu moja.

Kama tayari mna seva ya kazi nyingine yenye nafasi, si lazima mnunue chuma kipya. Mashine pepe, yaani kompyuta inayoundwa kwa programu ndani ya seva hiyo, yenye viini viwili hadi vinne na RAM ya GB 8 inatosha, mradi diski yake pepe iwe juu ya SSD na isishindane na hifadhidata ya uhasibu. Kama hamna, seva ndogo ya prosesa moja inatosha. Prosesa mbili na GB 64 ni za mtu anayeendesha mashine pepe kumi, na kwenye Windows Server leseni huhesabiwa kwa viini, kuanzia 16, kwa hiyo prosesa ya pili inaweza kukuongezea gharama ya leseni bila kukuongezea hata ukurasa mmoja.

Afisa_wa_Bara alijibu:

Nawashukuru nyote, na wewe mzee wangu Fundi, shikamoo. Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilikuwa nakusanya vipimo kama nilivyoelekezwa.

Niliwasha kumbukumbu ile kwenye kompyuta ya mhasibu, na katikati ya kipindi hicho kikaangukia kikao cha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, ambacho kabrasha lake ni dogo: kurasa 60, nakala 20. Karibu kazi zote za siku za kawaida zilikuwa chini ya MB 5, barua na hati za malipo, na saa yenye msongamano ni kati ya saa 4 na saa 6 asubuhi, pamoja na siku mbili za mwisho wa mwezi. Kisha ikaja kazi ya kabrasha. Tukio namba 307 liliandika kurasa 1,200 na ukubwa wa GB 1.4. Tukio namba 805 liliandika nakala: 1. Nilikaa nikiitazama hiyo moja kwa muda. Programu ilikuwa inarudia kabrasha mara 20 yenyewe na kulituma kama waraka mmoja mrefu.

Nilikwenda kwa katibu wa vikao, nikakaa naye mezani, tukaondoa mpangilio wa kupanga nakala kwenye programu yake, tukauwasha kwenye draiva ya mashine ya A3, kisha tukatuma kabrasha lilelile tena likiwa na nakala mbili tu za majaribio. Safari hii kumbukumbu iliandika kurasa 60, nakala 2, MB 72. Kompyuta ya mhasibu haikukoroma. Katibu aliniuliza kama miaka yote alikuwa anakosea, nikamwambia hapana, hakuna aliyemwonyesha.

Nimeshaandika maombi. Nimeomba seva ndogo ya prosesa moja yenye viini vinne, RAM ya GB 16 kwa sababu theluthi moja ya kompyuta zetu ni dhaifu na kurasa zao zitapikwa kwenye seva, SSD mbili za GB 480 zinazoakisiana, zikiwa na sehemu ya GB 150 kwa ajili ya foleni tu, pamoja na UPS yake. Leseni za watumiaji nimeziweka mstari wake. Pesa iliyobaki ukilinganisha na ile ankara kifani nimeielekeza kwenye swichi ya gigabiti kwa jengo la pili, ambalo hadi leo linatumia ya megabiti 100. Kompyuta ya stoo imefunguliwa, imepulizwa, na inasubiri SSD yake iwe ya akiba. Mzabuni hakufurahi. Mkurugenzi naye ameniuliza kwa nini tusiwape madiwani vishikwambi kama zilivyofanya baadhi ya halmashauri, na nadhani ana hoja, lakini hilo si la bajeti hii.

Nimebakiwa na swali moja dogo. Zile printa mbili za USB, masijala na kwa katibu muhtasi, nazo niziunganishe na seva?

Fundi_Roli alijibu:

Marahaba. Ziache zilipo. Waya wa USB wa kawaida hautakiwi kuzidi mita tano, na seva yako haitakaa masijala. Ya masijala itumike na watu wa masijala, na ya kwa Mkurugenzi ina barua ambazo hazitakiwi kusubiri zamu kwenye foleni ya ofisi nzima. Siku mojawapo ikifa, nunua yenye kadi ya mtandao, uipe anwani ya kudumu, ndipo uiingize kwenye seva. Na hiyo swichi mpya ikifika, badilisha na ile nyaya ya jengo la pili iliyokunjwa chini ya mlango, maana najua ipo.

Afisa_wa_Bara alijibu:

Ipo, mzee. Nimetoka kuiangalia sasa hivi.